Kutwa Moja Mwanza, Meli Ikisubiri

Meli ya New Victoria ikiondoka Bukoba usiku hufika Mwanza asubuhi. Hushinda bandarini ikishusha na kupakia, giza likiingia inarudi ilikotoka. Mwenye shughuli zake hukimbilia stendi. Asiye na haraka ana kutwa nzima ya kuuona mji, na mimi nilikata tiketi kwa ajili ya kutwa hiyo tu. Nilikuwa sijawahi kulivuka ziwa.

Meli hii ni ya zamani. Ilianza kazi mwaka 1961, na baada ya ukarabati mkubwa ikarudi majini mwaka 2020. Enzi za ushirikiano wa Afrika Mashariki ilizunguka ziwa zima, Kisumu, Musoma, Mwanza, Bukoba hadi Port Bell, na kulikuwa na wageni walioipanda kwa matembezi tu, wakishuka kila bandari kutazama mji. Siku hizi imebaki na njia ya Bukoba, Kemondo na Mwanza. Usiku ule baharia alipita kwenye viti akituonyesha jinsi ya kufunga jaketi za kujiokolea. Hakuna aliyezungumza wakati anaeleza. Watu wa Kagera tunajua kwa nini.

Kulipopambazuka tulikuwa ndani ya Ghuba ya Mwanza, na mawe yakaanza kujitokeza: jiwe juu ya jiwe, mengine yameegemea kidogo tu, nyumba zimebanwa katikati yake hadi vileleni. Kwenye geti la bandari abiria wachache tukachangishana tukakodi gari aina ya Noah pamoja na mwongozaji, kijana wa Kisukuma aliyetuamkia "Mwangaluka" na kusubiri hadi tukaitikia sawasawa. Kwanza akatupeleka kwenye Jiwe la Bismarck, karibu na kivuko cha Kamanga. Jina ni la Otto von Bismarck, Kansela wa Ujerumani. Wakoloni walikuja wakaondoka, jiwe limebaki na jina lao. Alitueleza vizuri mawe haya yalivyopatikana. Granaiti ilipasuka chini ya ardhi, maji yakaila kupitia nyufa, udongo laini ukasombwa na mvua kwa miaka isiyohesabika, na yale magumu yakabaki yamekaa juu ya mengine.

Kutoka Capri Point tulipanda boti hadi Kisiwa cha Saanane, safari fupi mno. Bustani ya wanyama ilianzishwa hapo mwaka 1964, ya kwanza nchini, na mwaka 2013 kisiwa kikawa hifadhi ya taifa. Jina ni la Mzee Saanane Chawandi, aliyekuwa akiishi na kulima hapo. Swala wanatembea huru na pimbi wanaota jua. Lakini kilichonisimamisha ni mjusi. Alikuwa juu ya jiwe, kichwa na kifua vyekundu kama pilipili iliyoiva, kuanzia kiunoni hadi mkiani buluu tupu. Akainua kifua, akakishusha, akakiinua tena, akinitazama kwa jicho moja. Wataalamu wanamwita Agama mwanzae, kwa jina la mji huu. Nilikaa naye hadi wenzangu wakaniita botini.

Kirumba, kwenye soko la Mwaloni, hatukukaa sana, ingawa ningependa. Dagaa wamejazwa kwenye magunia marefu kuliko mtu, kayabo, yaani samaki waliokaushwa kwa chumvi, zimefungwa tayari kwa safari ya Kongo, na mabondo, ile mifuko ya hewa ya sangara, yananunuliwa kwa bei inayoshinda minofu yenyewe. Sangara aliletwa ziwani miaka ya 1950, akawala furu, samaki wadogo wa asili, wa aina nyingi hadi wengine wakatoweka. Nilimwuliza mama mmoja kama bado anauza furu. "Wapo, mwanangu, ila si kama zamani," akanijibu huku akipepeta dagaa.

Ratiba ilisema baada ya hapo ni Makumbusho ya Wasukuma, Bujora. Nilimwomba mwongozaji asimame kwanza Igoma. Akasita. "Dada, kule watalii hatuwapeleki. Ni makaburi." Nikamwambia natoka Bukoba. Hakuuliza tena.

Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilikuwa imetoka Bukoba, ikapitia Kemondo, njia ileile niliyotoka kuipita nikiwa nimelala. Iliruhusiwa kubeba watu 430. Waliokuwemo walizidi sana. Ikapinduka ikiwa imekaribia Mwanza, ikaelea chali huku watu wakigonga kutoka ndani. Waokoaji walipotoboa chuma, hewa iliyokuwa ikiishikilia ikatoka, meli ikazama. Mamia walikufa, na wengi wao wamezikwa Igoma. Tulisimama kati ya makaburi bila kuambizana. Mzee mmoja kati yetu alivua kofia, akaanza kutaja majina ya wanafunzi aliosoma nao, mmojammoja, taratibu. Mwongozaji naye akazima simu.

Bujora tulifika tumechelewa. Tuliona ngoma za watemi, kanisa lililojengwa kwa umbo la nyumba ya Kisukuma, na kazi ya Padri David Clement, mmisionari kutoka Kanada aliyeanzisha makumbusho hayo. Tuliambiwa jinsi vikundi vya ngoma vya Bagika na Bagalu vinavyoshindana kucheza kila Juni kwenye tamasha la Bulabo. Mahali hapa panastahili siku yake peke yake, na nitarudi.

Waongozaji wa Mwanza mnaujua mji wenu na mnauonyesha kwa moyo. Nawaomba Igoma iingie kwenye ratiba, hasa kwa abiria wanaoshuka melini. Mgeni atafurahia mawe na mjusi, lakini anayelivuka ziwa hili anapaswa kujua nani walilivuka kabla yake na kwa nini baharia anasisitiza jaketi. Nanyi mnaotoka Kagera, mwambieni dereva asimame. Igoma iko kwenye barabara ya Musoma, kabla hujafika Kisesa, na meli haiondoki hadi usiku.