Buibui wa Magorofani



Mtu ashukaye katika stesheni ya Sherbourne akashika njia ya kusini-mashariki, hukutana na magorofa ya St. James Town kabla hajamaliza kufunga vifungo vya koti lake. Ni majengo 19 marefu, yaliyosimamishwa zaidi katika miaka ya 1960 mahali palipokuwa na nyumba za kizamani, baina ya barabara za Sherbourne na Parliament. Yalipewa majina ya miji ya Kanada. Hivyo basi mtu huweza kuishi katika jengo lenye jina la mji mmoja, dada yake katika jengo lenye jina la mji mwingine, na sahani ya futari ikasafiri baina ya miji hiyo miwili ikafika ingali moto. Katika lifti moja utasikia Kitagalogi, Kitamili, Kinepali, Kisomali na Kiswahili chetu, na wote hao hunyamaza kwa pamoja lifti ikwamapo.

Yuko jirani mmoja asiyeingia katika hesabu ya sensa, naye ni buibui. Namkusudia mdudu mwenyewe, wala si vazi la mama zetu, ingawa jina ni moja. Watoto wetu waliozaliwa huku hulijua hili wakasahau lile, au hulijua lile wakashangaa kwamba nyanya yao aliwahi kuvaa buibui akaenda nalo sokoni.

Mwisho wa kiangazi kilichopita nilimzuru bibi mmoja, mzaliwa wa Mombasa, aliyeletwa na mwanawe kuja kuwatazama wajukuu katika ghorofa ya 18. Katika pembe ya roshani palikuwa na utando wa duara uliopangika vizuri, na katikati yake buibui wa rangi ya kijivu, mwenye tumbo la ukubwa wa punje ya kunde. Mjukuu, aliyekuwa ametazama filamu ya televisheni juu ya tarantula wa majangwani, alimvuta bibi yake kwa ukingo wa leso.

"Nyanya, usikaribie! Ana sumu, atakuua."

"Mwanangu, kwetu aliye mkubwa kuliko kiganja changu hukaa nyuma ya mlango, wala hatumwiti polisi." Kisha akanigeukia mimi. "Lakini nieleze, mwanangu, wewe usomaye vitabu: huyu alipandaje hadi huku? Kwa lifti?"

Baba wa nyumba hakucheka. Alikwisha kununua makopo matatu ya dawa ya kupuliza, na alikuwa akingoja watoto walale apulize vyumba vyote. Ndipo nilipoona kwamba jambo hili linastahili kuandikwa.

Yafaa kwanza tuulize khofu hii tuliitoa wapi. Yule wa nyuma ya mlango aliyemtaja bibi ni buibui mkubwa, bapa, mwenye miguu mirefu, akimbiaye ukutani upande upande kama kaa. Huyu hapatikani Mombasa na Unguja peke yake. Yuko katika nchi nyingi za joto duniani. Hatengi utando wa kutegea. Huwinda usiku, na windo lake alipendalo ni mende. Jike hubeba mfuko wa mayai chini ya kifua chake kama mtu aliyekumbatia mto. Wazee wetu walimwacha kwa sababu walijua kazi yake, japokuwa si wengi wangeliweza kumweleza mgeni kwa nini.

Tarantula ni mwingine. Jina lenyewe lina safari ndefu: lilitoka katika mji wa Taranto, kusini ya Italia, ambako watu wa kale waliamini kwamba aliyeumwa na buibui fulani hapati nafuu ila kwa kucheza ngoma. Baadaye Wazungu walipofika Amerika wakawaona buibui wakubwa wenye manyoya, wakawavika jina lilelile. Katika majangwa ya Arizona na New Mexico madume hutoka mashimoni mwisho wa kiangazi, wakavuka barabara kutafuta majike, na wenyeji huwasimamishia magari wapite. Jike huweza kuishi miaka 20 na zaidi katika shimo moja. Wakazi wa huko wameishi nao ukutani na barazani pasina vita. Silaha kubwa ya tarantula wengi wa Amerika ni vinyweleo vya tumboni, ambavyo huvipepesha kwa miguu vikawasha macho na ngozi.

Sisi pia tunaye wa kwetu. Mwaka 1897 mtaalamu wa Kiingereza, Pocock, alimwandika katika elimu ya viumbe buibui mmoja wa Afrika, mwenye rangi ya mchanga au ya chungwa, ambaye wafugaji wa Ulaya na Amerika ya Kaskazini humwita kwa jina la Mombasa. Yeye hana vinyweleo vya kuwasha. Hutegemea meno yake, na kuumwa naye kuna maumivu makali na kukakamaa kwa misuli, ingawa haijulikani kuwa ameua mtu. Ajabu ni kwamba bibi yetu ameishi Mombasa miaka 70 bila ya kumwona, ilhali vijana wa Kizungu humnunua na kumweka chumbani ndani ya kisanduku cha kioo.

Jamaa zetu waliopitia Oman kabla ya kuja huku watataja mwingine, yule wa mchangani wamwitao buibui wa ngamia. Huyo si buibui hasa, bali ni wa ukoo wa karibu. Ana mataya yenye nguvu lakini hana tezi za sumu za buibui. Wasemao kwamba humfukuza mtu jangwani wameona kweli wakafasiri vibaya: aghalabu mnyama huyu hukimbilia kivuli, na mtu akikimbia kivuli chake hukimbia naye. Mwaka 2004 ilienea picha ya askari waliokuwa Iraq wakiwa na wawili wa namna hii walioshikamana, wakaonekana wakubwa kama paja la mtu kwa sababu waliwekwa karibu na kamera. Picha hiyo ilifika hata katika nyumba ambazo hazijawahi kuona jangwa.

Sasa turejee St. James Town. Nchi hii ya Kanada haina tarantula wa asili hata mmoja. Yule buibui wa kahawia ambaye Wamarekani wa kusini humwogopa kwa kidonda anachoacha, naye hana makazi hapa. Mjane mweusi wa kaskazini yupo kusini ya Ontario, lakini ni nadra na hukaa chini ya mawe na magogo, si katika ghorofa ya 18. Wanaokaa nasi ni wengine kabisa.

Yule wa roshani ni wa jamii ipendayo madaraja na majengo yaliyo karibu na maji na taa. Magorofa marefu ya Chicago yanamjua sana. Sisi tuna Ziwa Ontario upande wa kusini na bonde la mto Don mashariki, na taa zetu haziwahi kuzimwa. Inzi wadogo hupanda juu usiku kuifuata nuru, naye huwangoja hapo. Katika dirisha lenye jua yupo mdogo wa mistari myeusi na myeupe, ambaye hutembea kwa kuruka, na ukimkaribia hukugeukia akakutazama kwa macho yake makubwa mawili ya mbele kama mtu aliyeitwa jina. Chini, katika chumba cha kufulia nguo, yupo mwenye miguu mirefu kama nyuzi, ambaye ukigusa utando wake hutikisika kwa kasi hata asionekane. Na darini mwa chumba cha kulala huweza kupita mmoja wa rangi ya manjano hafifu. Huyu wa mwisho mara chache huuma akibanwa ndani ya nguo, na maumivu yake ni kama ya nyuki au chini ya hapo.

Ama swali la lifti, jawabu lake ni zuri kuliko maswali mengi. Buibui mchanga hupanda mahali palipoinuka, akainua tumbo, akaachia nyuzi nyembamba hewani, na nyuzi hizo zikamchukua. Mwaka 1832 Charles Darwin, akiwa ndani ya merikebu kilomita zipatazo 100 kutoka pwani ya Amerika ya Kusini, aliona kamba za merikebu zimejaa buibui wadogo waliotoka nchi kavu kwa njia hiyo. Watu walidhani ni upepo peke yake. Mwaka 2018 wataalamu wa Bristol, Uingereza, walionyesha kwamba hata nguvu ya umeme iliyomo hewani yatosha kumnyanyua. Nilipomweleza bibi haya alisema, "Kumbe naye alikuja kwa ndege," akaendelea kuchambua mchicha wake.

Wako waulizao hukumu ya dini. Tunajua hadithi iliyo sahihi ya viumbe vitano ambavyo huuawa hata ndani ya Haram, navyo ni kunguru, mwewe, nge, panya na mbwa mkali. Buibui hamo. Sura ya 29 katika Msahafu imeitwa kwa jina lake, na nyumba yake imepigiwa mfano wa udhaifu kwa wale wanaotegemea asiyekuwa Mwenyezi Mungu; mfano huo unamsema mwanadamu. Ama kisa cha utando katika mlango wa pango la Thaur, wakati wa Hijra ya mwaka 622, wazazi wengi hukisimulia, na wanavyuoni wamekhitilafiana juu ya nguvu ya isnadi yake. Kisimulieni mkilitaja na hilo, ili mtoto asikue akidhani kila kisimuliwacho kina daraja moja.

Lakini lililonifanya nishike kalamu ni yale makopo matatu. Nyumba zetu hizi ni ndogo, madirisha hufungwa miezi sita, na hewa ya jirani hupita chini ya mlango na katika matundu ya mabomba. Ukipuliza dawa juu ya kitanda cha mtoto, huyo mtoto ndiye atakayeivuta usiku kucha, si buibui aliyekwisha kukimbia. Na aghalabu aliyemuuma mtoto hakuwa buibui. Buibui hanywi damu ya mtu wala hana haja na godoro lako. Vipele vilivyopangana mstari asubuhi ni alama ya kunguni, nao katika magorofa haya tunawajua. Tusiwaonee haya hata tukawaficha.

Mwezi wa Februari 2015, katika mji wa Fort McMurray, jimbo la Alberta, familia moja iliyokuwa imerejea kutoka safari ya Pakistan iliweka nyumbani dawa waliyokuja nayo kutoka huko, kwa nia ya kuua kunguni tu. Dawa ya namna hiyo ikikutana na unyevu wa hewa hutoa gesi ya fosfini. Watoto kadhaa walipelekwa hospitali, na wawili wadogo wakafariki. Mwenyezi Mungu awarehemu na awape subira wazazi wao. Vidonge vya gesi hiyo ndivyo vitumiwavyo Afrika Mashariki katika maghala ya nafaka, na wapo miongoni mwetu wanaoagiza kwa msafiri "dawa ya nyumbani yenye nguvu" kwa sababu ya huku hawaioni kuwa inaua. Ya ghalani hutumiwa katika ghala lisilolala mtu. Aliye nayo ndani ya sanduku asiifungue, asiitupe chooni wala katika bomba la taka la jengo. Maji huiamsha gesi. Apige simu 311 aulize mahali pa kupeleka taka za sumu.

Kwa mende na kunguni, mpangaji ana haki yake. Sheria ya mji wa Toronto humtaka mwenye jengo akague ndani ya saa 72 tangu apewe habari ya wadudu. Mpe habari hiyo kwa maandishi, bakia na nakala, na usipojibiwa 311 hupokea malalamiko hayo pia, kwa lugha nyingi. Aliyevuta dawa au mtoto aliyeila, simu ya kituo cha sumu ni 1-844-764-7669, mchana na usiku. Akiwa hapumui vizuri ni 911 kwanza.

Na buibui mwenyewe? Chukua bilauri na kipande cha karatasi ngumu, mfunike, mpitishie karatasi chini, mtoe. Wakati wa joto mpeleke roshani. Wakati wa baridi usimtupe nje kwa huruma, kwani wale wa ndani wamezaliwa ndani na hawaijui theluji. Mteremshe katika ngazi au chumba cha kufulia, ambako wenziwe wapo. Asiyetaka kuwaona kabisa azibe nyufa za dirisha, atengeneze wavu uliotoboka, na apunguze maboksi yaliyorundikwa nyuma ya kochi.

Baba wa ghorofa ya 18 alirudisha makopo mawili dukani akapewa fedha zake. La tatu lilikuwa limekwisha kufunguliwa, limewekwa juu ya kabati ambako mikono ya watoto haifiki. Utando wa roshani ulikaa hadi mvua za Oktoba. Mjukuu aliuchora kwa penseli akaupeleka shuleni, na mwalimu wake alimuuliza buibui kwa Kiswahili anaitwaje.