Shamba la Madrasa

Mwanzoni mwa miaka ya 1970, mtoto aliyeletwa kulala na kusoma kwa maalimu wetu pale Kasoli, Bariadi, alikuja na juzuu yake na jembe lake. Hakuna mzazi aliyeshangaa. Machi 1967 Mwalimu Nyerere alikuwa ameshatoa waraka wa Elimu ya Kujitegemea, na shule za serikali nazo zilikuwa zikilima.

Baada ya alfajiri tulisoma. Jua likichomoza tulikuwa shambani. Mvua za Novemba ziliponyesha tulipanda pamba, na kando yake mtama na viazi. Maksai walivuta plau, samadi yao ikarudi shambani. Viazi tulivikata na kuvianika, tukala michembe kiangazi kizima. Fedha ya pamba kutoka chama cha ushirika ilinunua mafuta ya taa, chumvi na misahafu. Maalimu aliandika kila senti katika daftari, akawasomea wazee baada ya swala ya Ijumaa. Maisha yalikuwa ya dhiki, lakini chakula chetu hakikungoja mgeni.

Leo shamba lile limejaa nyumba za watu. Maalimu alipofariki warithi waligawana, kwani hapakuwa na hati ya wakfu. Kila nikipita pale moyo unaniuma. Madrasa nyingi za bweni nizionazo sasa zina majengo mazuri kuliko vibanda vyetu, ila jikoni zinategemea ada na simu ya mfadhili. Januari 2004, matawi ya Tanzania na Kenya ya Al-Haramain, shirika la misaada la Saudi Arabia, yalipowekewa vikwazo na Umoja wa Mataifa, waliokuwa wakiyategemea walibaki mikono mitupu.

Lakini wenzetu wa Gontor, Java Mashariki nchini Indonesia, walifungua shule yao mwaka 1926. Mwaka 1958 waasisi wakaikabidhi yote kuwa wakfu wa umma. Waasisi wamekufa, shule ipo, na mashamba yake ya mpunga na maduka yake yanaihudumia.

Sisi pia hatujakosa njia. Mkoa wetu wa Simiyu unaongoza nchini kwa pamba, lakini bei ya pamba haitabiriki, kwa hiyo madrasa ichanganye dengu, choroko na mbuzi, na mashudu ya pamba yanenepeshe ng'ombe. Kazi ya mtoto iwe ya kujifunza, isimwibie masomo. Shamba likikua, waajiriwe vibarua. Hesabu zisomwe hadharani kama zamani. Na kabla ya jembe la kwanza, bodi ya wadhamini isajiliwe RITA, wakala wa serikali wa usajili na udhamini, shamba liandikwe kwa jina la bodi hiyo, si la maalimu wala la mfadhili.

Wazee wangu wa Kasoli na Bariadi, mwenye ekari zilizolala na azitoe wakfu angali hai, kwa hati na mashahidi, kabla warithi hawajaanza kupima mipaka.