Waliojenga Gedi Walikuwa Kina Nani?



Tulipokuwa wadogo, tukisoma chuoni huku Diani, kila tulipouliza ni nani aliyeujenga Msikiti wa Kongo, ule ulio penye mlango wa mto Mwachema chini ya mibuyu, tulipewa mojawapo ya majibu mawili. Wazee wengine walisema ni majini. Wengine, waliojiona na elimu zaidi, walisema ni Waarabu. Jibu la tatu hatukulisikia wala hatukulitafuta. Tuliswali humo, tukacheza nje mchangani, tukakua.

Swali hilo limeturudia mwaka huu, nasi tuna mvi, na mahali pengine kabisa. Akina mama wa darsa ya Alhamisi waliomba wafanye ziara pamoja na binti zao, na baada ya mashauri ikakubaliwa waende Gedi, upande wa Kilifi, si mbali na Malindi. Tulikodi basi, tukatoka Ukunda baada ya swala ya Alfajiri, tukavuka Likoni kwa feri. Mahamri na mbaazi vilikuwamo ndani ya vikapu, na sufuria ya pilau imefungwa kwa leso mbili ili isimwagike. Sisi tuliombwa tufuatane nao, tusome dua na kutoa mawaidha mafupi. Kusema kweli tulidhani kwamba siku ile sisi ndio walimu.

Ambaye hajafika Gedi na aelewe kwamba si nyumba moja wala mbili, bali ni mji mzima uliofunikwa na msitu, wenye eneo la kama ekari 45, na kuta mbili za kuuzunguka. Umo msikiti mkuu wa Ijumaa, jumba la mtawala, nyumba zenye nyua, visima, na makaburi ya nguzo. Kaburi moja limechongwa tarehe, mwaka 802 Hijria, ambao ni 1399 Miladia. Nyumba hazijulikani kwa majina ya wenyewe, bali kwa vitu vilivyookotwa ndani yake: nyumba ya mkasi, nyumba ya taa ya chuma, nyumba ya ushanga wa Venisi, nyumba ya sarafu za Kichina. Wenyeji waliuhama mji huo katika karne ya 17, na mwaka 2024 UNESCO iliuingiza katika orodha ya urithi wa dunia. Akina mama, tuliona, jumba la mtawala halikuwashughulisha sana. Walisimama kwa muda mrefu kwenye vyoo, wakitazama mahali pa kutawadhia palivyopangwa kwa ustadi, na mmoja wao akasema, "Hawa walikuwa watu wa twahara."

Mjadala ulianza tulipofika msikiti mkuu. Tulikuwa tumesimama mbele ya mihrabu, tukiwaeleza kibla, ndipo binti mmoja wa miaka kama kumi na mitatu akauliza, "Sheikh, waliojenga hapa ni Waarabu?"

Tukamjibu haraka, kwa mazoea, "Ndiyo, mwanangu. Waarabu na Washirazi."

Akanyamaza kidogo. Kisha akasema, "Basi sisi Wadigo tulikuwa wapi?"

Mama mmoja wa ukoo unaojihesabu kuwa wa Kishirazi akadakia, "Mlikuwa kayani, mwanangu," akacheka. Wengine wakacheka naye. Wengine hawakucheka. Nasi hatukusema neno, na hilo ndilo linalotufanya tuandike makala haya, kwa kuwa mama yetu mzazi, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuwa Mdigo wa Tiwi.

Aliyevunja kimya kile alikuwa bibi mmoja wa Kinondo, mtu mzima kuliko sisi, ambaye tangu asubuhi hakuwa amezungumza sana. Alikwangua ukuta kwa ukucha, akatazama unga uliobaki kidoleni, akatuuliza, "Sheikh, chokaa hii ilichomwa na nani?" Hatukuwa na jibu. Basi akaeleza yeye, maana marehemu babake alikuwa mchoma chokaa. Magogo hupangwa kwa duara, matumbawe yakawekwa juu yake, tanuu likawashwa likawaka usiku kucha, kisha mawe yakaachwa yanyeshewe na mvua mpaka yavunjike yenyewe yawe unga. Akaeleza pia kwamba tumbawe likitoka baharini huwa laini, hukatwa kwa shoka na kuchongwa nakshi upesi kabla halijakauka, kwani likikauka huwa gumu. Mtu asiyeijua bahari hii, akasema, hawezi kuchonga mihrabu kama ile, hata akiwa amesoma wapi.

Kisha akamwita yule binti na kumwambia apime kwa hatua upana wa chumba katika nyumba iliyo jirani, na cha pili, na cha tatu. Vyote vilikuwa vyembamba, karibu sawasawa. "Unajua kwa nini?" bibi akamuuliza. "Boriti. Mkoko haukui zaidi ya hapo. Aliyejenga hapa alijenga kwa miti ya hapa." Alisema hivyo kwa upole, bila ya kumtazama yule mama aliyecheka.

Mwongozaji wetu, kijana wa Kigiriama wa pale pale Gedi, alikuwa akisikiliza huku akitabasamu. Alituongoza mpaka kwenye mlango mmoja wa msikiti ule ule, akatuonyesha umbo lililochongwa juu yake. Ni kichwa cha mkuki, kile kipana, cha Kiafrika. Mkuki juu ya mlango wa msikiti! Tumepita misikiti mingi katika maisha yetu, na hatujaona mwingine kama huo.

Tuliporejea nyumbani tulirudi vitabuni, jambo ambalo tungepaswa kulifanya kabla ya kusafiri. James Kirkman, Mwingereza aliyeanza kuichimba Gedi mwaka 1948, alikitoa kitabu chake mwaka 1954, na katika anwani yake akauita mji ule mji wa Waarabu. Hatumlaumu peke yake. Ndivyo walivyoona wengi wa zama zake. Kusini huko, Zimbabwe Kuu, wakoloni walishikilia kwamba kuta zile ni za Wafoinike au za Malkia wa Sheba, mpaka Gertrude Caton-Thompson alipochimba mwaka 1929 na kuonyesha kuwa ni kazi ya Waafrika wa pale pale, na hata baada ya hapo wako waliokataa kusikia. Ajabu ni kwamba sisi wenyewe, wana wa pwani, tulilipokea jibu la mkoloni tukalifanya la baba zetu.

Ama majini, Qur'ani yatueleza kwamba walimtumikia Nabii Suleiman (a.s.) katika kujenga, na hilo twaliamini bila ya shaka. Lakini haikuelezwa popote kwamba walifika Diani.

Ibn Battuta alipita pwani hii mwaka 1331. Alipofika Mombasa aliwakuta watu wa madhehebu ya Shafii, wacha Mungu, na akaandika kwamba misikiti yao ilikuwa ya mbao, iliyojengwa kwa ustadi. Wakazi wa Kilwa aliwaeleza kuwa wengi wao ni Wazanji, weusi sana. Tulikuwa tumeyasoma hayo ujanani na hatukuyatilia maanani. Misikiti ya mbao! Kumbe huko Shanga, katika kisiwa cha Pate, Mark Horton na wenzake walipochimba chini ya msikiti wa Ijumaa miaka ya 1980, walikuta msikiti chini ya msikiti, na wa chini kabisa, wa miti, ni wa karne ya 8. Watu waliswali kwanza ndani ya miti na udongo, vizazi kwa vizazi, ndipo wakafikia jiwe. Mji haukushushwa na jahazi ukiwa mzima.

Je, hakukuja mtu kutoka ng'ambo? Walikuja, na ni dhulma kulikanusha hilo. Mwaka 2023 jarida la Nature lilichapisha uchunguzi wa asili za watu 80 waliozikwa pwani yetu baina ya mwaka 1250 na 1800, katika miji kama Mtwapa, Manda, Faza na Kilwa. (Kufukuliwa kwa makaburi ya Waislamu hatukukufurahia, nasi twasema hivyo waziwazi.) Uchunguzi huo umeona kwamba kiasi cha mwaka 1000 wanaume wenye asili ya Uajemi walianza kuzaa na wanawake wa huku, na baadaye wakaongezeka wenye asili ya Uarabuni. Basi wale waliojiita Washirazi hawakuwa waongo kama walivyodhaniwa na baadhi ya wasomi. Lakini katika wengi wa waliochunguzwa, zaidi ya nusu ya asili yao ilitoka Afrika, na karibu yote kwa upande wa mama. Baba alikuja na jahazi. Mama alikuwa hapa, na lugha ambayo mtoto alibembelezwa kwayo ndiyo hii tunayoiandika.

Tungependa makala yaishie hapo, kwenye elimu. Ila yapo mengine.

Bibi yule wa Kinondo ana mwana. Miaka kumi na miwili iliyopita kijana huyo, mwenye dini na tabia njema, alipeleka posa katika nyumba moja ya jamaa zetu. Binti alimridhia. Wazee wakakataa wakasema si kufu yao, wao ni watu wa mawe na yeye ni mtu wa kaya. Tuliitwa tutoe neno la dini. Wanaosoma fikihi wanajua kwamba madhehebu yetu yana mlango wa kafaa, na nasaba imetajwa humo. Tulijificha nyuma ya mlango huo. Hatukusema kwamba kafaa ni haki ya binti na walii wake, na kwamba wanaweza kuiacha wakipenda. Hatukuwatajia Fatima bint Qays, Mkureshi, aliyeshauriwa na Mtume (s.a.w.) aolewe na Usama bin Zayd, mtoto wa mtumwa aliyeachwa huru. Aya ya 13 ya Suratul Hujurat tunaisoma mimbarini mara nyingi kwa mwaka, na siku ile haikutufikia ulimini. Tulikunywa kahawa yao, tukasema, "Wazee wana haki yao," tukaondoka. Na hiyo nasaba ya mawe hakuna aliyeihakiki, hata sisi.

Jioni ile, tukirudi, feri ya Likoni ilikuwa imejaa watu. Bibi alikuwa amesimama ukingoni, ameshikilia chuma, yule binti mdogo ubavuni mwake akiendelea kumuuliza habari za tanuu. Tulimsogelea, tukamtolea salamu, tukamwambia kwamba tuna deni kwake tangu miaka ile na tunamwomba radhi. Hakushangaa. Ilionekana alijua siku nyingi tulichokisema kule na tulichokinyamazia.

"Mwanangu," akasema, "yule alishaoa Msambweni, ana watoto watatu. Mimi nishasahau. Lakini wa kuombwa radhi si mimi."

Feri ikafika, watu wakaanza kuteremka, naye akapanda basini mbele yetu.

Jumamosi iliyofuata tulikwenda Msambweni. Hatukumkuta, alikuwa amekwenda kazini Lunga Lunga. Mkewe alitukaribisha, akatupa chai, akatuuliza tuna ujumbe gani tuuache. Tukamwambia ni jambo la kusemwa ana kwa ana, tutarudi Jumapili, inshaallah.