Barua ya Mbale, kwa Ami wa Tibirinzi

Ami yangu,

Natumai karafuu zimeshapata jua la kutosha. Kijana wako nimemkuta mzima, kanenepa kwa matoke, anasoma hapa kwenye Chuo Kikuu cha Kiislamu, kile kilichofunguliwa Mbale mwaka 1988. Safari siirefushi: boti ya Mkoani, Dar, kisha mabasi mpaka kiuno kikakataa.

Ninalotaka kukupa ni habari ya Mayahudi. Usishtuke, sijapotea. Nje kidogo ya mji kuna kilima kinaitwa Nabugoye, na watu wake, Waafrika weusi kama sisi, wanashika Sabato. Kijana alikuwa na rafiki wa upande huo, akanambia twende. Basi Ijumaa tumeswali msikitini chuoni, na jua lilipoelekea kuzama tukapanda bodaboda. Nilivaa kofia yangu ya viua, nao mlangoni wana vikofia vyao vya kufuma, kwa hiyo hakuna aliyeniuliza kitu. Nilikaribishwa "Shabbat shalom" nikaitikia hivyo hivyo.

Asili yao ni Semei Kakungulu, jemadari wa Kiganda aliyewatekea Waingereza nchi hii ya mashariki kwa matumaini ya kupewa ufalme wake. Hawakumpa. Akawakasirikia, akajiunga na Wamalaki, Wakristo waliokataa dawa za hospitali, akazama katika Agano la Kale mpaka mwaka 1919 akajitahiri yeye na wanawe. Wenzake wakamwambia hayo ni ya Mayahudi. Akajibu kwamba basi, yeye ni Myahudi. Baadaye akakutana na Myahudi aliyeitwa Yosef, ambaye alikaa naye miezi kadhaa akimfundisha sala na kalenda. Kakungulu alifariki mwaka 1928. Ajabu ni kwamba mwaka 1903 Waingereza walikuwa wametaka kuwapa Mayahudi wa Ulaya ardhi katika mpango ulioitwa wa Uganda, ingawa eneo lenyewe, Uasin Gishu, leo liko Kenya. Wenyewe walikataa. Hawa wa Mbale hawakualikwa na mtu.

Sasa fikiria, Ami: kwa miongo mingi hawana mwalimu aliyesoma kwa mwalimu. Wamejisomesha, baba kwa mtoto. Akaja Amin, akawapiga marufuku, wakasali kwa kujificha, na wengi wakaingia dini nyingine; alipoondoka mwaka 1979 walikuwa wamebaki mamia machache tu. Vijana wao ndio waliofufua mambo miaka ya themanini, na mmoja wao ni Gershom Sizomu.

Huyu ndiye niliyemfikiria nikikukumbuka wewe. Alikwisha kuwa kiongozi wao wa sala kabla ya kwenda Los Angeles mwaka 2003 kusomea urabi. Mtu mzima, mke na watoto, anarudi darasani! Nduguye akashika nafasi yake nyumbani. Mwaka 2008 akahitimu, akarudi akiwa rabi wa kwanza mwenyeji wa Uganda. Baadaye, mwaka 2016, akachaguliwa hata kuwa mbunge.

Sisi Tibirinzi tunajua kijana akirudi kutoka Madina inakuwaje. Ngoma na biriani siku ya kwanza, na wiki ya pili anaanza kusema maulidi yetu yana kasoro. Nilimuuliza mzee mmoja pale kama rabi wao alirudi vile. Akacheka sana. Akasema nyimbo zao za Zaburi za Kiluganda hazikuguswa, na kweli usiku ule ziliimbwa kwa gitaa, akina mama ndio walioongoza sauti. Lakini nadhani ugomvi ulikuwapo, ila umehamia kwingine: kijiji cha Putti kinafuata Uyahudi wa Kiorthodoksi, na hakikutaka njia ya Wamarekani waliomsomesha Sizomu.

Asubuhi ya Jumamosi tulirudi. Sinagogi lao jipya, la mwaka 2016, limejaa mwanga, na mgeni wa siku alikuwa mwanafunzi wa urabi kutoka upande wa Kenya, kaja kusoma kwa Sizomu. Maana siku hizi kilima chenyewe ndicho chuo. Walimpa ukaribisho ambao wewe ungeupenda: hapakuwa na hotuba, aliitwa mbele asome Taurati.

Kitabu chenyewe ni gombo la ngozi, la kuandikwa kwa mkono, na maandishi hayana alama za irabu kabisa, mithili ya Kiarabu kisicho na harakati. Mwanafunzi anajifunza nyumbani kwenye kitabu cha chapa chenye alama zote, akifika kwenye gombo alama hazipo, na lazima asome kwa mahadhi yake. Haligusi kwa kidole. Anafuatisha mistari kwa kijiti cha fedha chenye mkono mdogo nchani. Jamaa alianza vizuri, kisha akakosea neno, na wazee wawili wakamsahihisha kwa sauti palepale. Akarudia. Akakosea tena mbele kidogo, wakamrudisha tena. Jasho likamtoka, na hakuna aliyemwonea huruma wala aliyemcheka. Nilijiona mimi mdogo kwenye mkeka wako, nikisubiri bakora.

Alipomaliza wakampigia makofi na kumwimbia, na akina mama wakaanza kumuuliza anakula nini, maana kuku hapa huchinjwa na mtu aliyefundishwa tu.

Kijana wako anakuomba dua ya mitihani, na mimi naomba uniwekee zile karafuu kilo mbili. Pia muulize Bi Mkubwa kama anataka kahawa ya huku: kuna ushirika wa wakulima Mayahudi, Wakristo na Waislamu, nitamnunulia.

Wasalaam,
Mwanao