Kuhifadhi si Kufahamu

Leo nakuomba umwite kijana wako aliye sekondari, umsimamishe uani, umuulize: Kibla kiko upande gani? Atakuonyesha, maana msikitini anakwenda. Kisha muulize: Upande huo ni kaskazini, kusini, mashariki au magharibi? Swali hili nimewauliza wengi wanaokuja kwetu hapa Mnazi Mmoja baada ya sala ya Magharibi, vijana wa kidato cha pili mpaka cha nne, na walio wengi hunijibu kwamba ni mashariki. Wamesikia Bara Arabu iko mashariki, basi wametosheka.

Makka iko kiasi cha digrii 21 na nusu kaskazini ya Ikweta, na Dar es Salaam yetu karibu digrii 7 kusini yake. Ama kwa longitudo, miji miwili hii iko karibu katika mstari mmoja, digrii 39 na ushei. Kwa hiyo sisi tukisali tunaelekea kaskazini karibu sawasawa, jua likichomoza kuliani kwetu na kutua kushotoni, na hiyo ndiyo sababu saa zao na zetu ni moja. Kijana huyu amesomeshwa mistari hiyo darasani, ameichora katika daftari na kuijibia mtihani. Hakuna aliyemwambia kwamba mmoja wao unapita juu ya paa la nyumba yao na kwenda hadi karibu na Makka.

Na si hayo tu. Kila siku wanapita Mtaa wa Aggrey wasijue Aggrey ni nani, naye alikuwa mwalimu Mwafrika kutoka Gold Coast, nchi iitwayo leo Ghana, aliyefika Afrika Mashariki mwaka 1924 pamoja na tume iliyokuja kutazama hali ya elimu ya watu weusi. Wanapita Mtaa wa Lumumba, ambako TANU ilizaliwa tarehe 7 Julai 1954, na jina la yule Waziri Mkuu wa kwanza wa Kongo aliyeuawa Januari 1961 kwao ni jina la kituo tu. Kariakoo kwenyewe wananunua viatu, na hawajui kwamba neno hilo limetokana na wapagazi wa jeshi la Mwingereza waliopigishwa kambi pale katika Vita Kuu ya Kwanza. Wengi wa wapagazi wale walikufa njiani kwa maradhi na njaa, nao ni babu zetu.

Sasa usiharakishe kusema watoto wa siku hizi hawana akili. Mimi nimewachunguza. Niliwahi kumwambia mmoja anieleze jinsi mmea unavyojitengenezea chakula chake. Akasimama wima akaporomosha maneno ya Kiingereza, safi, bila kukwama, kama asomaye Yasini. Nikamwambia, "Sawa mwanangu, sasa nieleze mimi mzee wako kwa Kiswahili: jani linafanya nini na jua?" Akanyamaza. Baadaye akasema, "Maalim, hivyo hatukufundishwa."

Ndugu msomaji, ugonjwa huu sisi watu wa vyuoni tunaujua vizuri. Ni kuhifadhi bila ya kufahamu. Lakini masheikh wa mwambao waliujulia dawa zamani. Katika darsa, sheikh husoma kitabu cha Kiarabu, husimama kwenye kila jumla, akatoa maana yake kwa Kiswahili, akapiga na mfano wa bahari au wa shamba, kisha ndipo aendelee. Kiarabu chenyewe kina wakati wake, katika nahau na sarufi. Hakuna aliyethubutu kumwambia mwanafunzi, "Marufuku kuuliza kwa Kiswahili." Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa alipoanza kutoa Sahifa mwaka 1930, na kisha Al-Islah mwaka 1932, aliwasemeza watu kwa lugha yao. Sheikh Abdallah Saleh Farsy naye akaikamilisha tafsiri yake ya Qurani kwa Kiswahili ikatoka nzima mwaka 1969. Wote wawili walikuwa mabingwa wa Kiarabu, wala hawakuona kwamba wanakishusha. Na anayesoma Sura ya Ibrahim ajitazamie mwenyewe aya ya 4, aone imesema nini juu ya Mitume na lugha za kaumu zao.

Tazama sasa mambo ya shule zetu za serikali. Mtoto husoma shule ya msingi yote kwa Kiswahili. Siku aingiapo kidato cha kwanza, hesabu, sayansi na jiografia zote hugeuka Kiingereza, lugha ambayo mara nyingi hata mwalimu wake anaivuta kwa taabu. Tume ya Rais iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kiingie sekondari kuanzia mwaka 1985, na serikali haikukubali. Sera ya mwaka 2014 ikakipa tena nafasi, na toleo lake la mwaka 2023 likarudi palepale. Katikati ya hayo shule za kata zilijengwa kwa wingi kuanzia mwaka 2004, na ada ikaondolewa mwaka 2016. Hayo ni mambo ya kushukuriwa. Lakini mlango umepanuliwa, na ndani bado giza.

Mtihani wa kidato cha nne wa mwaka 2012, matokeo yalipotangazwa Februari 2013, watahiniwa zaidi ya 240,000 walipata sifuri, nao walikuwa zaidi ya nusu. Tume ikaundwa, na mwezi wa Mei matokeo yale yakafutwa yakapangwa upya. Mmoja katika waliobaki na sifuri hata baada ya kupangwa upya ni jirani yangu. Mama yake, Mungu amrehemu, alikuwa akikaanga mihogo amlipie masomo ya jioni, na aliambiwa mbele ya wazazi wenziwe kwamba mwanawe hana akili. Neno lile alikufa nalo.

Kijana huyo leo anauza mitumba Kariakoo, na usiku huja darsani. Nilimpa mas'ala ya mirathi: mtu amekufa, ameacha mke, mama na mtoto mmoja mwanamume. Hakugusa kalamu. Akasema mke ana thumni, mama ana sudusi, basi tugawe mafungu 24. Mke 3, mama 4, na 17 zilizobaki ni za mtoto. Mtu huyu hesabu zake za sehemu ziliandikwa sifuri! Ni hesabu ileile. Kilichobadilika ni lugha.

Wako watakaosema Kiswahili hakiwezi kubeba elimu. Hao wamesahau mwaka 1973, kampeni ya Mtu ni Afya, watu wapatao milioni 2 walipokaa makundi kwa makundi mbele ya redio, wazee wasiojua shule, wakasikiliza habari za maji machafu na malaria kwa Kiswahili, kisha wakainuka wakachimba vyoo. Wengine watasema Kiingereza kinahitajika. Naam, kinahitajika, na kisomeshwe barabara na mwalimu anayekijua, kama nahau ilivyosomeshwa. Kukijua Kiingereza ni jambo moja, na kunyimwa kila elimu nyingine mpaka ukijue ni jambo jingine. Katika mtaala mpya somo la Historia ya Tanzania na Maadili linasomeshwa kwa Kiswahili, na mimi naona kwa vijana wangu: katika hilo wanauliza, wanabisha, wanakosoa hata mimi.

Yule jirani ana binti wa miaka sita. Anataka kumpeleka shule ya kulipia inayofundisha kwa Kiingereza tangu chekechea, na kwa faida ya belo la mitumba sijui karo ataitoa wapi. Nimemwambia, "Mwanangu, wewe ndiye ushahidi wangu, kisha unanikimbia?" Akanijibu, "Sheikh, ushahidi wako ni kweli, lakini mtihani unatungwa kwa Kiingereza, na mimi sitaki binti yangu aambiwe lile neno aliloambiwa mama." Tumelizungumza jambo hili mara tatu sasa, na Ijumaa anakuja tena.