Sweta la Mjomba

Wahenga walisema maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Naamini hawakuwahi kufika Loch Fyne, Uskoti, mwezi wa Machi. Kule maji huyavulii nguo, unayavalia. Na swali la uvae nguo gani lilikaribia kumdhuru rafiki yangu.

Mimi ni mtoto wa Nungwi, kaskazini ya Unguja. Mjomba wangu alikuwa mzamiaji wa pweza na kamba: miwani, mkuki na kaptula, basi. Nilipohamia Glasgow kikazi nikajiunga na kikundi cha wazamiaji wa mitungi, nikakuta wengi wanavaa draisuti na wachache wetisuti. Nikachagua wetisuti. Sababu niliyoitoa mbele ya watu ilikuwa bei, maana draisuti niliyoonyeshwa, tena ya mtumba, ilizidi mara tatu. Sababu ya kweli ilikuwa kiburi. Mtoto wa pwani mzima, nifundishwe baridi ya bahari na watu waliojifunza kuogelea kwenye bwawa? Thubutu!

Nieleze kidogo kwa wasiozijua. Wetisuti haizuii maji. Imeshonwa kwa neopreni, yaani mpira wenye viputo vidogo vya gesi ndani yake. Maji kidogo huingia, mwili huyapasha, na viputo vile huzuia joto lisitoroke. Anayetajwa sana kuwa mbunifu wake ni Hugh Bradner, mwanafizikia wa Chuo Kikuu cha California, mwanzoni mwa miaka ya 1950. Ni nguo nzuri, ila ina kasoro moja. Ukifika mita 10 shinikizo huwa maradufu ya lile la juu, viputo hubanwa, na suti huwa nyembamba pale pale unapoitaka iwe nene.

Draisuti yenyewe haitaki maji kabisa. Ina zipu isiyovuja, na mpira unaobana shingoni na kwenye vifundo vya mikono. Ndani unavaa nguo nzito za joto. Hewa unaiingiza kutoka kwenye mtungi kwa vali ya kifuani, na kuitoa kwa vali iliyo mkononi, karibu na bega.

Siku ile maji yalikuwa nyuzi 7. Wetisuti yangu ilikuwa ya milimita 7, pamoja na kofia na glavu. Mzamo wa kwanza ulikwenda vizuri, nikatoka najidai. Shida ilianza nchi kavu. Nilikaa zaidi ya saa nzima juu ya mawe na suti iliyolowa, upepo unanipiga, huku wenzangu wa draisuti wanakunywa chai kama wako sebuleni. Mwenzangu wa mzamo akaniuliza kama niko sawa. Nikamwambia niko sawa. Aisee, nilikuwa natetemeka mpaka meno.

Mzamo wa pili, kwenye mita 18, aliniashiria nimwonyeshe kiasi cha hewa kilichobaki. Niliitazama geji. Namba niliziona, lakini hazikuniambia kitu. Akauliza tena. Akauliza mara ya tatu, kisha akaonyesha kidole gumba juu: tunapanda. Kwenye mita 5 tulitakiwa kutulia dakika 3. Hewa ndani ya jaketi langu la kuelea ilikuwa imetanuka, ikaanza kunipandisha. Nilijua kitufe cha kuitolea kiko wapi. Vidole vilikataa. Akanishika mkanda ili anizuie, nami nikamburuta juu pamoja nami, ile tuo ya mita 5 hatukuifanya.

Jioni ile akaniambia bega linamuuma. Kama huzamii, hilo ni bega tu. Kwa mzamiaji, maumivu ya kiungo baada ya kupanda haraka yanaweza kuwa dalili ya naitrojeni kufanya viputo mwilini, na hayo si mambo ya kulala nayo. Akavutishwa oksijeni, akapelekwa hospitali. Mimi nilikaa kwenye kiti cha korido, nina joto tele sasa, nimefunikwa blanketi mbili. Daktari alipomaliza kumpima alisema ni msuli, umeteguka katika kunivuta. Mwenzangu alicheka. Mimi sikuweza kumtazama usoni.

Wiki iliyofuata nikampigia mjomba. Nilitaka, nakiri, anipe ruhusa ya kuendelea na kiburi changu.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Huko baridi haijakuua?"

Nikamsimulia. Nikamuuliza yeye aliwezaje miaka yote ile, hata msimu wa kusi maji yanapopoa, na kaptula tu.

"Kaptula tu nani kakwambia? Kusi nikivaa sweta."

"Sweta? Ndani ya maji?"

"Sweta la mtumba, tena zito. Na nikianza kutetemeka napanda ngalawani, sirudi. Tulikuwa wawili, bwana. Ukiganda wewe, mwenzako nani atamvuta?"

Nilinyamaza. Miaka yote nilibeba picha ya mwanamume mmoja, kifua wazi, peke yake na bahari. Sisi wasomaji tunaipenda sana picha hiyo, mashujaa wetu wengi huzama peke yao. Kumbe ndani ya picha kulikuwa na sweta, na kulikuwa na mtu wa pili.

Sisemi draisuti ni ya kila mtu. Nungwi utaiva ndani yake. Na ina hatari zake: hewa ikikimbilia miguuni inaweza kukupindua kichwa chini na kukurusha juu, kwa hiyo lazima ufundishwe kuimudu. Mimi nilifundishwa, tena na wale wale wa bwawani. Nilinunua ile ya mtumba kwa mafungu ya miezi sita. Nikiulizwa sasa nichague vipi, naanza na nyuzi za maji, idadi ya mizamo na upepo wa nje. Kisha nauliza: dakika ya mwisho ya mzamo wa mwisho, vidole vyangu vitaweza kumfungulia mwenzangu kifungo?

Mwezi wa Novemba tulirudi Loch Fyne, yeye na mimi. Kwenye mita 18 aliniashiria kuuliza hewa. Nikaisoma geji, nikamjibu kwa vidole: baa 110. Akaniangalia kidogo, akaashiria sawa, tukaendelea.