Usiache Mbachao kwa Msala Upitao

Simu yangu ni Samsung Galaxy S4, toleo la mwaka 2013. Nilipewa na mjomba, nami huitumia kusomea. Wenzangu huicheka, lakini pesa za kununulia simu mpya ndizo karo ya mdogo wangu, na karo haingoji.

Haba na haba hujaza kibaba; nimeiboresha hatua kwa hatua. Kifuniko chake cha nyuma hufunguka kwa ukucha, hivyo betri ilipochoka nilibadilisha mwenyewe. Nafasi ya GB 16 ilipojaa, nilitia kadi ya kumbukumbu, nikahamishia humo picha na vitabu. Nilifuta programu nisizozihitaji. Nyuma ya vitufe niliweka picha nyeusi tii, kwani skrini ya AMOLED hutumia chaji kidogo inapoonyesha weusi. Kisha nikaivisha kava ya mpira ili ikianguka isivunjike.

Kasoro haikosi. Simu hii haipati tena masasisho ya usalama, kwa hiyo mambo ya pesa siyaweki humo. Hata hivyo, mimi ninasoma na mdogo wangu yuko darasani. Hilo lanitosha kuliko sifa za mtaani.